Nyumba Namba Saba

Kizuri chajiuza, husema watu.
Basi mimi nimepanda basi, kisha ndege, kisha treni,
nimefika Utrecht katikati ya Januari
kujitembeza.

Banda letu liko nyuma kabisa, jirani na vyoo,
kati ya kisiwa chenye volkano
na nchi iliyoleta ngamia wa plastiki.
Sisi tuna kapu la machungwa, tini kavu,
bango la mlozi uliochanua,
na mimi, Deolinda Frazão, karani wa vizazi na vifo,
niliyetumwa kwa sababu nilisoma Kiingereza miaka miwili
na mwenyekiti wa halmashauri anaogopa ndege.

"Bahari iko wapi?"
Hakuna bahari.
"Uwanja wa ndege?"
Mwendo wa saa tatu, kama kondoo hawajalala barabarani.
"Sasa kuna nini?"
Jibu nimelikariri: jua siku mia tatu kwa mwaka,
mafuta ya zeituni, nyumba za mawe kwa bei ya gari,
na kimya.
Siku ya pili najisikia nikisema "kimya"
kama muuza samaki asemavyo "wabichi, wabichi".

Kimya hicho nakijua.
Kilianzia shuleni, ilipofungwa,
kikahamia duka la mikate,
kikakalia kiti cha kinyozi.
Vizazi sijaandika tangu mwaka juzi.
Leo kina kurasa mbili za rangi katika kijitabu.

Vijana wetu walikuja huku kaskazini
kupanga nyanya kwenye makasha, ndani ya nyumba za vioo
zenye joto la kununua.
Wazee wa huku nao waje kwetu
kuota joto la bure.
Mwenyekiti anaita hiyo mabadilishano.
Sijui nani kapunjwa.

Saa kumi alikuja mzee mmoja, Wiebren,
miaka arobaini kazi yake kuinua madaraja meli zipite.
Hakuuliza bahari.
Aliuliza: "Baridi ikianza, huko anabaki nani?"
Nikamhesabia kwa vidole, kwa majina:
Florinda wa posta, ingawa posta haipo,
Zulmira na mbuzi wake, mapacha wa Eusébio wasiosemeshana,
ishirini na watatu;
ishirini na wanne, Ramiro akitoka hospitali.
"Na ndani ya nyumba, kuna joto?"

Karatasi ya mwenyekiti inasema: hapo mpe chungwa.
Nikampa chungwa.
Kisha nikasema kweli:
ndani ni baridi kuliko nje.
Januari tunatoka uani kuota jua,
tukirudi ndani tunavaa makoti.
Kuta zetu nene hutunza baridi
kama mama mkwe atunzavyo kinyongo.
Akacheka hadi miwani ikamdondoka,
akaandika namba yangu kwenye ganda la chungwa.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, nilitaka kumwambia,
lakini kwa Kiingereza changu ikatoka:
"Tafadhali njoo, sisi wagonjwa."

Usiku nalala kwa kaka yangu Adérito, ghorofa ya nne.
Bado mikono yake inanuka majani ya nyanya.
Anafunua kijitabu taratibu, akilamba kidole,
mpaka nyumba namba saba:
vyumba viwili, mtini uani, mlango wa buluu.
Haikuandikwa ni nani aliupaka rangi mlango ule,
akiwa na miaka kumi na moja, juu ya ngazi ya kuazima,
akadondosha tone moja kizingitini, mama akapiga kelele.
Tone lipo pichani. Niliombea lisionekane.

Adérito analifunika kwa kidole gumba.
"Bei gani?"
Namtajia.
Anahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza,
kama anavyohesabu makasha,
kisha anainuka kupunguza joto la chumba.
Hapa, ananiambia, linalipiwa.